Programu za Windows kwenye Linux: Kikwazo si mitambo

HATUA ya Microsoft kukomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 imezua upya swali la kale: je, programu za Windows zaweza kutumika kwenye Linux?

Zaweza. Wine, iliyoasisiwa 1993, hutafsiri maagizo yake yakaeleweka huko. Kikwazo ni wenye programu. Corel ilitumia Wine kuifikisha WordPerfect kwenye Linux mwaka wa 2000. Oktoba hiyo ikapokea dola milioni 135 za Microsoft, na mwaka uliofuata ikauachia Xandros mfumo wake wa Linux. Sadfa? Msomaji na aamue.

Valve imedumu na Proton tangu 2018 kwa kuwa biashara yake ya michezo yaitegemea. Mhasibu hana mdhamini kama huyo. Programu yake ikikwama, aliyemuuzia atamwambia arudi Windows.