Shukrani Isingoje Matanga



Mtu akifa mtaani au kijijini, sote twakusanyika. Wanaume wakesha nje karibu na moto, wanawake wasali rozari ndani ya nyumba, vijana wachota maji na kupanga viti. Kisha wasimama jirani zake, ndugu zake na wenzake wa shirika, mmoja baada ya mwingine, wakisimulia mema yake: jinsi alivyokuwa mkarimu, jinsi alivyopenda kucheka, jinsi alivyowalisha watoto wasio wake. Desturi hiyo ni njema, na kuwaombea marehemu ni tendo la huruma ambalo Kanisa latufundisha. Lakini twapenda kuuliza neno moja: maneno hayo mazuri, je, marehemu alipata kuyasikia alipokuwa hai?

Mara nyingi hakuyasikia. Twabeba jeneza la mama kwa heshima ambayo hakupewa hata siku moja alipokuwa akibeba kuni. Twalia mbele ya watu kwa ajili ya baba ambaye kwa miaka mingi tulipita mbele yake asubuhi pasipo kumwamkia vema. Basi juma hili twataka kusema juu ya furaha za kila siku, na juu ya watu ambao Mungu hutumia mikono yao ili kutuletea furaha hizo.

Mazoea hupofusha macho

Wazee walituachia methali hii: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu ulio wako, unaoulalia kila siku. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, unaouona njiani ukaenda zako. Watu wengi hawana habari na mkeka wao. Wadhani furaha ni mgeni ajaye kwa nadra: siku ya Noeli, siku ya harusi, siku ya kupokea diploma, siku ya kununua pikipiki. Katikati ya sikukuu mbili wahesabu siku kama mzigo tu. Wengine wadhani furaha yakaa Kinshasa au Ulaya, wala haijui njia ya kufika kwetu.

Kumbe imekwisha kufika tangu alfajiri. Mtoto wa darasa la kwanza aunganisha silabi mbili, na mara aona kwamba amesoma jina lake mwenyewe: sisi waalimu tumeona uso huo mara nyingi, na hakuna mshahara unaoupita. Mvua yanyesha usiku juu ya mabati, na nyumba yote yalala pamoja. Jirani aja kuomba chumvi, naye aacha habari njema mlangoni. Bugali lipo mezani, lenye moto, na watu wa kulila wapo wote. Kama mambo hayo yangetokea mara moja tu kwa mwaka, tungepiga ngoma. Kwa kuwa yatokea kila siku, hatuyaoni.

Sahani ya sambaza

Tuchukue mfano mmoja tu, sahani ya sambaza, ambayo jamaa za kandokando ya ziwa Kivu zaijua sana. Mtu akaa, ala, anawa mikono, ainuka. Chakula kimekwisha kwa dakika chache. Lakini kilianza wapi?

Zamani sambaza hawakuwamo katika ziwa letu. Maji ya katikati, mbali na ufuko, hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Mwaka 1959 vifaranga kwa maelfu vilichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika, vikatiwa katika Kivu. Wakaongezeka miaka iliyofuata, hata wakawa kitoweo cha matajiri na maskini. Kwa hiyo kila sahani yatukumbusha watu waliofanya kazi kabla wengi wetu hatujazaliwa, ambao hatujui hata majina yao.

Tena wapo wavuvi. Jioni, sisi tukifunga milango, wao waondoka na mitumbwi yao mitatu iliyoungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia huku wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Katika giza la ziwa wawasha taa, samaki wavutwa na mwanga, na wavu wainuliwa kutoka chini. Usiku wa mbalamwezi wapata kidogo, kwa sababu nuru ya mwezi yashindana na taa zao. Basi usiku ulio mweusi kabisa, ambao sisi twauogopa, ndio wao wautamani. Alfajiri akina mama wawangoja ufukoni, wapokea samaki, wawabeba kichwani, wapanda vilima hadi sokoni. Mwisho yupo mama wa nyumbani, aliyenunua mafuta na makala, akawasafisha samaki, akawakaanga huku moshi ukimwingia machoni.

Watu hao wote wamo katika sahani moja. Na mara nyingi neno la pekee lisemwalo juu yake ni hili: «Chumvi imezidi.»

Bwana mmoja wa parokia

Twamjua bwana mmoja, hatutamtaja jina, aliyeishi katika ndoa takatifu miaka 22. Hakuwa mume mbaya. Alileta mshahara nyumbani, hakuwa mlevi, hakuinua mkono juu ya mke wake. Ila alikula akainuka, akavaa shati lililopigwa pasi akatoka, kama kwamba shati hujipiga pasi lenyewe.

Mke wake akaugua, akafa. Baada ya matanga bwana huyo akaenda mwenyewe kununua samaki kwa ajili ya watoto. Mama mmoja muuzaji akamtazama, akamwuliza kama yeye ndiye mume wa marehemu. Kisha akamwambia: «Mke wako alikuja hapa kila Ijumaa kabla ya jua. Sikuzote aliniomba nimchagulie walio wadogo. Alisema: Mume wangu hapendi wakubwa, mifupa yao yamsumbua.»

Bwana akarudi nyumbani na samaki wake. Alitusimulia habari hiyo siku nyingi baadaye, naye akasema: «Mimi nilidhani ni samaki tu.» Miaka 22 mtu mmoja aliamka gizani kwa ajili yake, akakumbuka kitu kidogo anachokipenda, naye hakujua. Mambo ya kumshukuru aliyapata wakati ambapo hakuwa tena na mtu wa kumwambia.

Tangu siku hiyo amwambia binti yake asante kila jioni. Mara ya kwanza binti aliogopa, akauliza: «Baba, unaumwa?» Sasa amekwisha kuzoea, na jirani wasema kwamba katika nyumba ile watu wameanza tena kucheka wakati wa kula.

Mafundisho ya Injili

Wapo wanaume wasemao: «Mke ajua moyoni mwake kwamba nampenda, kumshukuru kwa mdomo ni mambo ya watoto.» Wapo wazazi waogopao kwamba mtoto akisifiwa atajivuna. Hao na wasome tena habari ya wakoma kumi katika Injili ya Mtakatifu Luka. Wote kumi waliponywa, na bila shaka wote kumi walifurahi. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Bwana wetu, ambaye ajua siri za mioyo, aliuliza hata hivyo wale tisa wako wapi. Ikiwa Mwana wa Mungu alitaka kusikia shukrani kwa sauti, je, mama aliyechoka hataki?

Tena tufikiri jinsi Yezu mwenyewe alivyoishi. Kabla ya kuanza kuhubiri alikaa Nazareti karibu miaka 30, katika nyumba ya fundi, kati ya mbao na vyungu. Aliyatazama mambo madogo ya huko, kwa maana baadaye alipofundisha juu ya ufalme wa Mungu aliwapa watu mfano wa chachu katika unga, wa mama atafutaye senti iliyopotea, wa kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa yake. Na huko Kana, karamuni, ni Bikira Maria aliyetambua kwamba divai imekwisha. Kumpenda mwenzako ni kuanza kwa kumtazama.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yezu alilijua jambo hilo. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akaingia utawa wa Karmeli huko Lisieux akiwa na miaka 15, akafa mwaka 1897 mwenye umri wa miaka 24. Hakwenda misioni yoyote. Hata hivyo mwaka 1927 Papa Pio wa 11 alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika nyumba yao alikuwamo sista mmoja ambaye kila tabia yake ilimwudhi. Teresa hakumkimbia. Alimwombea, akamsaidia kazi, na alipokosa neno jema la kusema alitabasamu. Siku moja sista yule akamwuliza ni kitu gani kwake kinachompendeza hata amfurahie hivyo kila amwonapo. Ona, wasomaji: kupenda watu walio mbali ni rahisi, kwa kuwa hawatuudhi. Shule ngumu ni mtu akaaye nawe nyumba moja.

Na Baba Mtakatifu Fransisko, aliyewatembelea Wakongomani huko Kinshasa mwaka 2023 na kufariki mwaka 2025, alizoea kuwafundisha watu wa ndoa maneno matatu ya kulinda amani ya nyumba: naomba, asante, nisamehe. Ni maneno mafupi, wala hayagharimu hata faranga moja. Hata hivyo ziko nyumba ambamo hayajaingia tangu siku ya arusi.

Shukrani si kufumba macho

Pengine mtu atasema: «Mwalimu, wewe wasema juu ya furaha katika nchi yenye machozi?» Twajua machozi hayo. Mwaka 1996 vita viliingia Bukavu, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliufikia mji huo pamoja na Goma, na jamaa nyingi zikakimbia na vitu walivyoweza kubeba. Lakini uwaulize waliokimbia walitamani nini huko njiani. Wengi hawatakutajia mali. Watakutajia mlango wao wenyewe, mafiga yao matatu, sauti ya jirani akipiga hodi. Mambo ambayo hawakuyahesabu ndiyo waliyoyalilia.

Tena shukrani ya kweli haikai mdomoni tu. Anayemwambia mke wake asante, kisha amwacha apande kilima na dumu la maji mgongoni huku yeye akitembea mikono mitupu, huyo bado hajashukuru. Anayemsifu mtumishi wake na kumchelewesha mshahara, huyo amdhihaki. Macho yakiisha kuona taabu ya mwenzako, mikono nayo haina budi kufuata.

Mambo matatu ya kufanya juma hili

Kwanza, akina baba. Leo jioni, kabla ya kusema neno juu ya chumvi, semeni asante, na kumtaja aliyepika kwa jina lake. Kisha mwulizeni siku yake ilikuwaje, na kungoja jibu.

Pili, akina mama. Baba arudipo amechoka, asipokelewe kwa hesabu ya madeni mlangoni. Mpeni kwanza maji ya kunawa na habari moja njema, madeni hayatakimbia. Na binti zenu wanaowasaidia kazi, waambieni kwamba mmeona.

Tatu, ninyi wanafunzi. Shati lenu la shule ni jeupe, nani alilifua? Daftari ilinunuliwa, nani alikosa nini ili inunuliwe? Kila mmoja wenu aandike majina matano ya watu waliomsaidia kufika shuleni tangu mwezi wa tisa, halafu awaendee wote watano, awashukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Bibi aliye mzee sana na aanzwe yeye.

Na jamaa nzima, katika sala ya jioni, baada ya Salamu Maria ya mwisho, kila mtu ataje jambo moja jema aliloliona siku hiyo na mtu mmoja aliyemletea. Siku za kwanza watoto watacheka na wakubwa wataona haya. Endeleeni tu. Baada ya juma moja mtashangaa kuona jinsi orodha inavyorefuka, ingawa siku ni zile zile, na nyumba ni ile ile.

Ee Bwana, uliyekaa Nazareti, utufumbue macho kabla ya jioni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya neno la tatu lililo gumu kuliko yote: nisamehe.