Mchungaji Aliyechungwa: Ludwig Krapf na Njia Ambazo Hakuzichagua

Mhubiri anapohamishwa kutoka kanisa la mashambani na kupelekwa mjini, aghalabu huwaambia waumini kwamba Mungu amemfungulia mlango. Anapohamishwa kutoka mjini na kupelekwa mashambani, si ajabu kusikia kwamba kuna watu waliomchimbia shimo. Mungu yule yule aliyeshukuriwa juzi kwa uhamisho, leo hatajwi. Sisemi hivi kwa kuwabeza watumishi wa Bwana. Mimi mwenyewe ni muumini, na mara nyingi nimeyapima mambo yangu kwa mizani hiyo hiyo iliyoelemea upande mmoja. Ila ninauliza: ikiwa mchungaji kwa hakika huongozwa na Mungu, uongozi huo unatambuliwa kwa dalili gani? Je, ni kwa kufanikiwa kwa mipango yake? Makala haya yanashikilia kwamba sivyo, na shahidi ninayemwita ni mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua kwa kamusi yake kuliko kwa ukasisi wake, yaani Johann Ludwig Krapf.

Katika kumbi zetu za mihadhara Krapf amegeuka kuwa orodha ya tarehe. Tunaandika 1850 kwa sarufi na 1882 kwa kamusi, tunapata alama zetu, tunaondoka. Ni nadra mtu kuuliza mchungaji huyu Mjerumani, mfuasi wa Luther aliyetumwa na chama cha Waanglikana cha CMS, alifikaje Mombasa. Jibu ni kwamba Mombasa haikuwa shabaha yake hata kidogo.

Alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika jamii ya wakulima. Akiwa kijana aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, kisha akakitoka baada ya kushikwa na shaka juu ya wito wake. Akasomea theolojia Tübingen, akawa kasisi msaidizi wa kijijini, na huko nako hakudumu. Mwaka wa 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi. Akajifunza lugha za huko, akafukuzwa Tigray mwaka wa 1838, akahamia Shoa, na hapo ndipo moyo wake ulipowaangukia Waoromo. Aliwaona kuwa taifa ambalo likiipokea Injili litaieneza katika sehemu kubwa ya Afrika. Alitafsiri sehemu za Injili kwa lugha yao. Mwaka wa 1842 akatoka Shoa kwenda kumwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Aliporudi akakuta njia ya Shoa imefungwa. Katika jaribio lao la kuingia tena, Rosine alijifungua mtoto nyikani, na mtoto huyo akafa.

Hapo ndipo Krapf alipoamua kuwazunguka Waoromo na kuwafikia kwa upande wa kusini, kupitia pwani yetu. Alifika Unguja mapema mwaka wa 1844, akapokewa vyema na Sayyid Said na kupewa barua ya kumtambulisha, na kufikia mwezi wa Mei yeye na mkewe walikuwa wamefanya makao Mombasa. Kwa maneno mengine, Kiswahili kwake kilikuwa daraja la kuvukia tu. Alikuwa akielekea kwingine.

Tukiyapanga matukio ya maisha yake kisarufi, tunaona jambo ambalo mwanafunzi wa mofolojia hawezi kulipuuza: vitenzi vingi vinavyomhusu viko katika kauli ya kutendwa. Alitumwa, alifukuzwa, alizuiwa, alifiwa, alivamiwa. Hata istilahi tunayoitumia kwa kazi ya uchungaji, wito, imetokana na kuita, na anayeitwa si mtenda wa kitendo hicho. Tunapenda kuyasimulia maisha ya watumishi wa Mungu katika kauli ya kutenda: alianzisha, alijenga, alishinda. Nadhani ndiyo sababu tunashindwa kuuona uongozi wa Mungu palipo na kushindwa.

Kitenzi kizito kuliko vyote katika orodha hiyo ni kufiwa. Mnamo Julai 1844, majuma machache tu baada ya kuanza maisha Mombasa, Rosine alijifungua binti. Siku chache baadaye, tarehe 13, akafariki dunia, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa akiungua kwa homa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya bandari, na kaburi hilo lipo hadi leo upande wa Nyali. Kiswahili kina hekima katika neno hili. Katika kufiwa, kifo ni cha mmoja na kutendewa ni kwa mwingine. Aliyebaki ndiye anayebeba kitenzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahubiri wengi, na pengine na Krapf mwenyewe, ambaye aliliona kaburi lile kuwa ishara ya kazi kubwa itakayofuata. Wapo watakaosema Mungu alimtwaa Rosine ili Krapf asalie Mombasa na sisi tupate kamusi. Sikubali. Mungu anayeua mzazi na kichanga ili wanafunzi wa chuo kikuu wapate marejeleo si Mungu ninayemfahamu, na kauli kama hiyo, hata ikitolewa kwa machozi mimbarini, ni kumsingizia. Imani haitudai tuyageuze mabaya kuwa mema kwa ujanja wa maneno. Yatosha kusema kwamba Rosine alikufa kwa homa katika mji ambamo hakuwa na jamaa, na kwamba mumewe hakuachwa peke yake hata hapo.

Basi uongozi tuutafute wapi? Mimi ninautafuta katika jambo dogo. Mwezi mmoja kabla ya msiba, tarehe 8 Juni, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. (Tafsiri ya kwanza ya Biblia kwa lugha yetu ilianzia mikononi mwa Mkristo na Mwislamu walioketi pamoja, laiti tungelikumbuka jambo hilo tunapobishana.) Baada ya mazishi aliirudia kazi hiyo. Hakuwa amepewa ramani mpya wala ndoto ya usiku. Alikuwa na sura iliyobaki nusu, akaendelea nayo. Kumtumainia Mungu, kwa mtu aliyepotewa na dira, kulikuwa ni kuketi tena mezani.

Hayo yakajirudia. Mwaka wa 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka wa 1849 alikuwa Ukambani, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Alirudi huko mwaka wa 1851 akiwa na nia ya kufungua kituo. Msafara ukavamiwa karibu na Mto Tana, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akatangatanga porini kwa njaa na kiu mpaka akanusurika. Kituo hakikufunguliwa. Msururu wa vituo aliouota, wa kulivuka bara hili kutoka bahari hadi bahari, haukuwahi kuwa katika uhai wake. Hata Waoromo aliowakusudia tangu awali hakuwafikia kama alivyotumaini. Lakini mwaka wa 1850 kulichapishwa Tübingen sarufi yake ya Kiswahili, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kioromo kikiwa mojawapo. Kazi aliyoiona ya njiani ndiyo iliyobaki.

Nisieleweke vibaya. Kuongozwa si kuwa sahihi katika kila jambo. Krapf alipinga Kiswahili kuandikwa kwa hati za Kiarabu, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hofu kwamba hati hizo zingeupa Uislamu nguvu. Hapo alikuwa akiitumia sarufi kama silaha, na mirathi ya Waswahili ya karne nyingi ikahesabiwa kuwa kikwazo. Hata hivyo mtu huyo huyo ndiye aliyepeleka Ujerumani, mwaka wa 1854, miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa hati hizo hizo, ukiwamo utenzi wa Herekali. Mchungaji aliihifadhi mali ambayo hoja zake mwenyewe zingeiacha iliwe na mchwa. Akili yangu inaniambia ni sadfa. Imani yangu inasita kuafiki.

Swali gumu zaidi linatoka kwa Rebmann. Krapf alihamahama: mwaka wa 1853 aliondoka Rabai akiwa mgonjwa, akajaribu kurudi Uhabeshi akashindwa, akatulia Korntal, kisha akaja tena pwani kuwasaidia Wamethodisti walioanzisha kituo cha Ribe mwaka wa 1862. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka wa 1875, waumini wakiwa wachache mno na macho yake yakififia hadi akawa kipofu. Ni yupi kati yao aliyetii? Mhubiri wa leo, ambaye hupima wito kwa idadi ya viti, angempa Rebmann uhamisho katika mwaka wa pili. Mimi sioni sababu ya kumpa mmoja tuzo na kumnyima mwingine. Mmoja alisogezwa, mwingine akashikizwa, na wote wawili walijaza daftari zao maneno ya lugha walizozikuta.

Mwaka wa 1867 Krapf alirudi Uhabeshi, nchi ya ujana wake, safari hii akiwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros. Sina la kulisifu katika hilo, na maradhi yalimrudisha nyumbani kabla ya muda mrefu. Huko Korntal aliendelea kuipanga kamusi ya Kiswahili, sehemu kubwa ikiwa ni maneno aliyoyasikia Mombasa na Rabai katika lahaja ya Kimvita. Mnamo Novemba 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.