KIASI PEKE YAKE HAKITOSHI



Wengi wetu hapa Kisian tuna jamaa huko Migori, ambako wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, na mawe yenyewe yana aseniki. Mboga za karibu na machimbo zikipimwa, tusiridhike kuambiwa kiasi tu. Aseniki isiyoungana na kaboni ni kali kuliko ile ya samaki wa baharini. Zebaki ni kinyume: ikiungana na kaboni huzidi ukali, kama ilivyojulikana Minamata, Japani. Behewa likiandikwa uzito bila shehena, nani ajuaye kama ni mahindi au petroli? Basi tuwadai wapimaji watutajie aina ya sumu pia. Ni chakula cha watoto wetu.

Umoja ni nguvu.