Herufi Vidoleni na Mstari wa 28



Yamesemwa hapa parokiani kwamba kijana mwenye herufi zilizochorwa juu ya vifundo vya vidole asiruhusiwe kusoma somo wala kuimba kwaya, kwa kuwa Mambo ya Walawi 19:28 imekataza. Tunapinga.

Si kwamba tunausifu mtindo huo. Wengi wanaojichora LOVE mkono wa kuume na HATE mkono wa kushoto hawajui yalikovumia maneno hayo. Ni katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 1955, The Night of the Hunter, ambamo Robert Mitchum aliigiza mhubiri wa uongo anayeoa wajane na kuwaua ili apate fedha zao. Mwaka 1989 Spike Lee aliyarudisha katika filamu ya Do the Right Thing, safari hii yakiwa pete. (Lugha yetu imetukinga kidogo: upendo una herufi sita, na ngumi ina nafasi nne tu.) Kijana ajue pia kwamba sindano ya kushirikiana huambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kwamba matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakimkataa mwenye michoro mwilini.

Lakini kumwonya kijana si sawa na kumfukuza altareni. Katekisimu haiitaji michoro hiyo kwa jina. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba mkononi hadi leo. Na mwezi Machi 2018 hayati Baba Mtakatifu Fransisko, akizungumza na vijana mjini Roma, alisema tatuu isiogopwe, akawataja Wakristo wa Eritrea wenye msalaba katika paji la uso. Alichoonya ni kuzidisha.

Tena anayeushika mstari wa 28 na aisome sura nzima. Mstari wa 13 wakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri hadi asubuhi: ni vibarua wangapi wa tumbaku na wa machimbo ya dhahabu hapa Mpanda waliozungushwa msimu mzima? Mstari wa 31 wakataza kuwaendea wapiga ramli. Nasi tunazifahamu chale zinazofichwa chini ya mashati ya mikono mirefu ya Jumapili. Hizo nazo ni alama mwilini, tena zimechanjwa kwa mganga. Mistari ya 35 na 36 yahusu mizani na vipimo. Mahindi ya mkulima yananunuliwa kwa lumbesa, gunia likijazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza juu, kisha analipwa gunia moja. Hatujapata kumsikia mtu akidai kwamba mnunuzi wa lumbesa aondolewe katika halmashauri ya walei.

Basi msomaji mwenye vidole vilivyochorwa ataendelea na zamu yake Jumapili hii. Mwenye malalamiko aje ofisini na Biblia yake. Tutaanzia mstari wa 13.