SHA Italipa Hospitali. Siku Ulizolala Nani Atazilipa?



Chukua mfano wa kijana wa bodaboda hapa Kisauni. Amekohoa wiki tatu, amepimwa, ana kifua kikuu. Dawa za TB hospitali ya serikali ni bure, atazimeza miezi sita. Alhamdulillahi. Lakini ameambiwa wiki za mwanzo apumzike, asichanganyike na watu. Sasa pikipiki iko na mkopo wa kila siku. Mwenye nyumba anataka kodi. Mtoto anataka maziwa. Atafanya nini? Atavaa jaketi arudi steji. Siku nyengine hata dawa ataruka, maana kumeza vidonge na tumbo tupu ni mtihani. Hivyo ndivyo ugonjwa unaopona unavyogeuka kuwa sugu, na abiria wake nao wako hatarini.

Angekuwa ameandikwa kazi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, ingemlinda. Ukishatimiza miezi miwili kazini, unapata angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Si nyingi, lakini ni kitu. Mama mboga, muuza mahamri, fundi cherehani? Sufuri. Na hao ndio wengi: kwa hesabu za serikali yenyewe, zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi wako jua kali.

Lakini wakati wa kulipa, wanaonekana vizuri sana. Tangu Oktoba 2024, nyumba isiyo na mshahara inatakiwa kulipia SHA asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, tena ya mwaka mzima kwa mkupuo. Yaani 3,600 kwa uchache. Sawa, tulipe. Ila pesa hizo zinaishia hospitali, hazifiki jikoni. Inua Jamii nayo ni ya wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Kijana wa miaka 27 aliyelala mwezi mzima hayumo popote.

Tumezoea kuziba pengo kwa mchango: grupu la WhatsApp, kikapu baada ya swala ya Ijumaa. Mola awalipe wanaotoa. Lakini mchango unategemea unajulikana na nani. Aliyekuja mjini juzi kutafuta riziki, hana ukoo hapa, nani atamchangia? Na Katiba haikusema mchango. Kifungu cha 43 kinasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Hiyo ni haki, sio sadaka.

Kuna watakaosema watu watadanganya. Kwani si daktari ndiye atakayeandika? Tuanze na siku 14 zile zile za mwajiriwa, kwa kila aliyelipa SHA, pesa iingie M-Pesa. Mgonjwa wa TB aongezewe.

Uchaguzi ni 2027. Watakuja steji na majaketi ya kung'aa na ahadi. Kabla hujalivaa, muulize swali moja tu: nikiugua, siku zangu atazilipa nani? Akianza kuzunguka, jibu umeshalipata.