Malkia Mmoja, Kichuguu Kizima



Mvua za kwanza zinyeshapo hapa Gongoni, watoto wetu hukimbilia kwenye taa wakiwa na mabeseni, kuokota kumbikumbi. Hao ni maharusi. Dume na jike wakishatua huangusha mabawa, hufuatana, huchimba shimo na kukaa pamoja miaka mingi, mfalme na malkia wa kichuguu kimoja.

Chungu hawana ndoa ya namna hiyo. Dume akishampanda malkia, hufa. Malkia huzihifadhi zile mbegu mwilini, akatagia mayai maisha yake yote bila kuonana na dume tena. Kwa siafu, malkia hana mabawa kabisa. Dume lake ndilo lile dudu nene la kahawia linalokuja taani usiku. Siafu vibarua wakilikuta, hulikata mabawa na kulipeleka kwa malkia.

Huko Ulaya na Asia wako watu wanaofuga chungu katika masanduku ya kioo. Lakini chungu wengi huoana wakiruka angani, baada ya mvua, na harusi hiyo ni vigumu kufanyika ndani ya chupa. Kwa hiyo wafanyabiashara huwatafuta malkia waliokwisha kupandwa porini.

Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na malkia wapatao 5,000 katika vichupa vyenye pamba. Wengi wao walikuwa chungu wakubwa wavunaji. Mei 7, mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi za Kenya milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Watu wengine wawili walipata adhabu hiyo hiyo katika kesi nyingine ya chungu, na mmoja wao alikuwa Mkenya.

Mtu atasema, chungu ni nini? Malkia mmoja akichukuliwa, kichuguu kizima hakitazaliwa. Nao chungu wavunaji husambaza mbegu za nyasi, na mashimo yao hupitisha hewa na maji ardhini.

Kumbikumbi na waokotwe, ni kitoweo chetu. Bali mgeni akija kumpa kijana wako fedha ili amkusanyie malkia wa chungu, mzuie. Akaulize kwanza ofisi ya maliasili. Fedha ya haraka isije ikampeleka mtoto wetu mahakamani.