UCHAMBUZI: Wimbo wa Heru Juu Usisafiri Bila Jina la Mwimbaji

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Katika arusi za Heru Juu, wilayani Kasulu, siku hizi ngoma haichezwi bila simu kadhaa kuinuliwa juu. Bibi anayeongoza wimbo akianza tu, vijana humzunguka wakirekodi. Kabla jua halijazama, sauti yake imekwisha kufika Kibondo, Kigoma Mjini, Dar es Salaam na kwa ndugu walioko ughaibuni. Wengine huipata kwa kurushiwa simu kwa simu, wengine kwa fundi anayejaza nyimbo katika memori kadi pale sokoni.

Hili ni jambo la kufurahia. Hata hivyo, mwananchi akisoma maelezo yanayoambatana na video kama hizo, mara nyingi atakuta maneno mawili au matatu tu: "ngoma ya asili", au "nyimbo za zamani". Jina la bibi halimo. Kijiji hakimo. Lugha haikutajwa, wala haielezwi kama wimbo ule ni wa kumpokea bibi arusi, wa kulima au wa kubembeleza mtoto. Sauti imesafiri, mwenye sauti ameachwa nyumbani.

Makala haya yanalitazama suala hilo kwa sababu linagusa mambo matatu kwa pamoja: kumbukumbu ya Taifa, haki za wasanii wa jadi na kipato ambacho wananchi wa vijijini wangeweza kukipata kutokana na sanaa yao.

Sauti ya nyanda za juu

Heru ni miongoni mwa tawala za jadi za Buha. Miaka ya mwisho kabla ya mfumo wa uchifu kufutwa nchini mwaka 1963, utawala huo uliongozwa na Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache walioshika nafasi hiyo katika Tanganyika ya wakati ule. Historia ya tawala kama hiyo haikuhifadhiwa katika vitabu peke yake. Sehemu kubwa imo katika masimulizi, majigambo na nyimbo ambazo wazee wanazikumbuka kwa moyo. Mzee mmoja anapofariki bila kurekodiwa wala kurithisha, kinachozikwa naye hakiwezi kuagizwa kutoka mahali pengine.

Kuna jambo lingine linaloihusu Kasulu na Kibondo kwa namna ya pekee. Wilaya hizi zinapakana na Burundi, na Kiha ni lugha ya karibu sana na Kirundi. Aidha, kwa miongo kadhaa eneo hili limehifadhi wakimbizi kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwamo wa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo. Watu hawa nao wamekuja na nyimbo zao. Ni rahisi, basi, kwa msikilizaji aliye mbali kuudhania wimbo wa Heru Juu kuwa wa Burundi, au wimbo wa mkimbizi kuwa wa Waha. Pasipo maelezo, kosa hilo likishaandikwa mtandaoni hunakiliwa mara mia, na kulirekebisha huwa kazi ngumu.

Tofauti ya jina

Jirani zetu wa Burundi wanatupa funzo la kwanza. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa nchi hiyo walirekodiwa, na sauti zao zikatolewa katika santuri nchini Ufaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa huko alichukua rekodi hiyo, akaiongezea piano na ala za umeme, akaitoa kwa jina "Burundi Black". Santuri hiyo iliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, na mwaka 1975 ngoma za Burundi zikasikika tena katika wimbo wa mwanamuziki Joni Mitchell wa Kanada. Ulimwengu ulicheza kwa mdundo uliotoka ng'ambo ya mpaka wa Kasulu, lakini wapiga ngoma wenyewe hawakutajwa katika santuri ile ya mwaka 1971.

Mambo yalibadilika pale wapiga ngoma walipoanza kusafiri wao wenyewe, kwa jina lao. Mwaka 1982 walitumbuiza katika tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza, na kuanzia hapo wakawa wageni wa majukwaa makubwa. Mwaka 2014, UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Mdundo ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni jina na chimbuko lake.

Funzo la pili linatoka Kenya. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki akirekodi waimbaji vijijini. Katika eneo la Wakipsigis aliwarekodi wasichana wakiimba wimbo ulioitwa "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye wenyeji walimsikia katika santuri. Tracey alikuwa na kawaida moja yenye manufaa: kila wimbo aliuandikia taarifa za waimbaji, jamii yao, mahali na ala zilizotumika. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Miaka 65 hivi baada ya rekodi ile, maktaba hiyo na wadau wa muziki wa Nairobi walizirudisha nyimbo hizo vijijini. Walikuta baadhi ya waliorekodiwa wangali hai. Watu waliokuwa vijana mwaka 1950 walisikiliza sauti zao wenyewe wakiwa wazee, wakiwa wamezungukwa na wajukuu. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya maandishi machache yaliyoambatana na kila wimbo. Kama kadi zingesomeka "ngoma ya asili" tu, nyimbo zingebaki katika kabati na kijiji kisingepatikana.

Hazina iliyopo nyumbani

Tanzania nayo haikuanza jana. Utangazaji ulianza na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, yaani 1962, Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikwisha kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa imani kwamba nchi isiyojua utamaduni wake haiwezi kusimama imara. Radio Tanzania ilirekodi ngoma, bendi na kwaya kwa miongo mingi, na hazina hiyo leo imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kanda za sumaku huchakaa kwa joto, unyevu na umri. Kila kanda inayohamishiwa katika mfumo wa kidijitali ni sauti iliyookolewa, na kila kanda iliyoandikwa vizuri jina la mwimbaji ni haki iliyookolewa pamoja nayo.

Mfano bora wa faida ya jina ni marehemu Dkt. Hukwe Zawose wa Dodoma. Alikuwa mwimbaji na mpigaji wa ilimba na zeze wa jamii ya Wagogo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Rekodi zake zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, naye alizunguka dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Mwaka 2024, Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao iitwayo "Maisha" kupitia kampuni hiyo. Nyimbo za Kigogo zimevuka kizazi na bahari zikiwa bado zina mwenyewe.

Kigoma nayo imekwisha kuonja nguvu hiyo. Mwaka 2012, wasanii wa kizazi kipya wenye asili ya mkoa huo waliungana chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite". Watanzania wasiojua neno lolote la Kiha walijifunza angalau hayo mawili. Ikiwa vijana wa studio waliweza kuifikisha lugha hiyo kwa Taifa zima, hakuna sababu ya bibi wa Heru Juu kubaki bila kujulikana.

Sheria inasemaje

Wapo wanaosema kwamba nyimbo za asili ni mali ya wote, hivyo jina la mtu mmoja halihitajiki. Hoja hii ina ukweli nusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatusaidia kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni wimbo wenyewe. Wimbo wa jadi usiojulikana mtunzi ni sanaa ya jadi ya jamii husika, na sheria ina sehemu mahususi inayoulinda. Matumizi ya kawaida ya jamii, kama arusi, mazishi na sherehe za mavuno, hayahitaji kibali cha mtu. Kibali kinahitajika pale mtu anapoutumia wimbo huo kwa faida ya kibiashara na nje ya mazingira yake ya kimila. Sheria pia inataka chimbuko la sanaa hiyo litajwe.

La pili ni utumbuizaji. Hata kama wimbo ni wa jamii nzima, sauti ya bibi aliyeuimba siku ile ni yake. Yeye ni mtumbuizaji, na sheria inamtambua kuwa mwenye haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa na kurekodi hiyo kusambazwa. Kumwomba ridhaa, basi, ni zaidi ya adabu ya kumheshimu mkubwa. Ni takwa la kisheria.

La tatu ni rekodi. Aliyegharamia na kuandaa rekodi naye ana haki juu ya kazi hiyo, lakini haki yake haifuti haki ya aliyeimba. Kijana mwenye simu na bibi mwenye wimbo wanahitajiana; hakuna anayepaswa kumeza haki ya mwenzake.

Kimataifa, Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Mwezi Mei 2024, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) zilipitisha mjini Geneva mkataba kuhusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayohusiana nazo. Hata hivyo, mkataba huo haukugusa nyimbo na ngoma. Majadiliano kuhusu sanaa za jadi yanaendelea. Maana yake ni kwamba kwa sasa ulinzi wa wimbo wa Heru Juu unaanzia hapa nyumbani.

Wajibu wa kila mmoja

Ni kweli kwamba sheria peke yake haitoshi. Haki isiyo na kumbukumbu haidaiki. Ikiwa kampuni ya mbali itatumia sauti ya mwimbaji wa Kasulu katika tangazo la biashara, na hakuna andiko lolote linaloonyesha ni nani aliyeimba, wapi na lini, hata mwanasheria hodari atakosa pa kuanzia.

Hatua ya kwanza ni nyepesi na haina gharama. Anayerekodi aombe ridhaa, kisha aandike mambo sita: jina la mwimbaji kama mwenyewe anavyotaka litajwe, kijiji, lugha, shughuli ambayo wimbo huimbwa, ala zilizotumika na tarehe. Maelezo hayo yaambatane na rekodi kila inakotumwa. Anayeipokea na kuisambaza asiyafute. Kama wimbo ni wa siri za mila na wazee hawataki utoke nje, simu ishushwe.

Vikundi vya ngoma navyo vinashauriwa kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na kuwasilisha kazi zao zilizorekodiwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Mwananchi asiyejua pa kuanzia amwone Afisa Utamaduni wa halmashauri yake. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane. Maafisa hao nao wanapaswa kuwafuata wazee waliko, hasa wale ambao miguu haiwaruhusu tena kufika jukwaani. Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, kama lile la Songea la Septemba 2024, ni jukwaa muhimu, lakini mwimbaji bora wa kijiji huenda hajawahi kupanda basi kwenda tamasha lolote.

Shule zina nafasi pia. Mwanafunzi akipewa kazi ya kumhoji bibi yake na kuandika maelezo ya wimbo mmoja, Taifa linapata kumbukumbu moja zaidi, naye mtoto anapata neno la Kiha ambalo asingelisikia darasani.

Kusambaza nyimbo zetu ni jambo jema, na halipaswi kuzimwa kwa hofu ya sheria. Dunia ina wasikilizaji wengi wanaotafuta sauti wasizowahi kuzisikia, na nyanda za juu za Kigoma zina sauti hizo. Wakizisikia, wajue ni za nani. Siku mjukuu wa Heru Juu atakapoikuta sauti ya bibi yake katika maktaba ya nchi ya mbali, aikute na jina lake, ili aweze kusema bila kubishiwa: huyu ni wa kwetu.